Nani Atamdhamini? Utangulizi wa Taaluma ya Kumrudisha Kazini Aliyemaliza Kifungo

Ukisimama asubuhi nje ya lango la gereza kubwa, iwe Ukonga, Butimba au Kamiti, humhitaji askari akuonyeshe ni nani anayetoka. Nguo zitakuambia. Anayemaliza kifungo hurudishiwa alivyoingia navyo: suruali yenye mikunjo ya miaka sita ya stoo, sasa inamvuka kiunoni kwa kuwa amepungua, na shati la mtindo ambao mtaani ulishasahaulika. Simu, kama anayo, haiwaki. Anasimama kidogo, anatazama huku na huku, kisha anamuuliza mtu wa kwanza kupita: nauli ya kwenda mjini siku hizi ni shilingi ngapi?

Karibu, msomaji. Nimekuleta kwanza hapa langoni kwa sababu taaluma ninayotaka kukufungulia mlango wake inaanzia kwa mtu huyu na swali lake. Inajishughulisha na jambo ambalo kwa maneno ni dogo: mtu huyu atakula nini mwezi ujao, kwa kazi ipi, na nani amemwandaa kuifanya? Nimeifundisha kwa miaka mingi na bado inanivuta, maana ndani yake wanakutana mwanasheria, fundi, mwalimu, mama mzazi, mwenyekiti wa mtaa na mwajiri, na mmoja wao akikosekana kazi yote inalegea.

Wanafunzi wangu wapya karibu wote hunipa jibu moja: mfundishe ujuzi, apate kazi, yaishe. Hawajakosea, ila wameruka ngazi kadhaa. Kadiri tutakavyoendelea utaona kwamba ujuzi mara nyingi si kikwazo kikubwa kuliko vyote. Kikwazo kikubwa ni udhamini. Katika miji yetu mtu hapewi kazi kwa kuwa anaijua tu, hupewa kwa kuwa kuna mtu anayesema, "Huyu namjua, mchukue." Kifungo humnyang'anya mtu huyo msemaji. Kumrudishia ndiyo kazi yetu.

Tuanze na maneno, kwa sababu wageni wengi huyachanganya. Urekebishaji ni yale yanayofanywa ili kumbadilisha mfungwa akiwa ndani: mafunzo, ushauri nasaha, ibada, shule. Urejeshaji katika jamii ni kumsaidia kupata tena nafasi yake nyumbani, mtaani na kazini. Gereza linaweza kujitahidi na la kwanza likiwa peke yake. La pili haliliwezi, kwa sababu jamii haikai ndani ya ukuta. Ukikuta ripoti inayosema wafungwa kadhaa "wamerejeshwa katika jamii" kwa kuwa walihitimu kozi ya ushonaji, weka alama ya kuuliza pembeni.

Neno lingine ni kurudia uhalifu, yaani mtu aliyekwisha kuadhibiwa kutenda kosa jipya. Hapa nakuomba uwe mwangalifu. Nchi moja huhesabu waliokamatwa tena, nyingine waliohukumiwa tena, nyingine waliorudi gerezani tu. Ni vipimo vitatu tofauti, na asilimia zake hazilinganishwi. Kinyume chake tunakiita kuacha uhalifu. Usidhani ni tukio la siku moja, kama mtu anayezima taa. Ni safari yenye kuteleza, na mtafiti mzuri huuliza mtu anaelekea wapi kabla ya kuuliza kama ameshafika.

Je, kazi kweli humwachisha mtu uhalifu? Ushahidi maarufu zaidi ulilala kwenye visanduku. Miaka ya 1940, mke na mume, Eleanor na Sheldon Glueck, walikusanya habari za wavulana 500 wakosaji wa Boston, Marekani, na wengine 500 wasio wakosaji. Miongo kadhaa baadaye John Laub na Robert Sampson walizifufua karatasi hizo kutoka chini ya maktaba ya sheria ya Harvard, na mwaka 1993 wakachapisha walichokiona: hata waliokuwa watukutu sana utotoni waliweza kubadilika ukubwani walipopata kazi ya kudumu au ndoa yenye upendo. Lakini soma kwa makini. Haikuwa kazi yoyote ile, ilikuwa kazi ambayo mtu aliithamini na kuogopa kuipoteza. Mwaka 2000 Christopher Uggen akaongeza jambo lililowashangaza wengi. Akichambua programu iliyowapa ajira watu wenye rekodi ya uhalifu, aliona iliwasaidia wenye miaka 27 na kuendelea, ilhali kwa vijana zaidi haikuleta tofauti kubwa. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 anayetoka gereza la Segerea na baba wa miaka 35 anayetoka naye siku hiyohiyo hawahitaji mpango mmoja.

Sasa tazama upande wa mwajiri. Unyanyapaa ni doa analopakwa mtu machoni pa wengine, likawafanya wasione kingine chochote kwake. Mtafiti Devah Pager alitafuta namna ya kulipima. Katika mji wa Milwaukee, Marekani, aliwatuma vijana waliofunzwa vizuri kuomba kazi za kawaida kwa waajiri 350, wakiwa na sifa zinazolingana. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja katika kila jozi alisema amewahi kufungwa kwa kosa la dawa za kulevya. Matokeo yalitoka mwaka 2003. Wazungu wasio na kifungo waliitwa tena kwa asilimia 34, wenye kifungo 17. Weusi wasio na kifungo 14, wenye kifungo 5. Rudia kuzisoma namba hizo polepole. Kifungo kilikata nafasi kwa nusu au zaidi, na kijana mweusi asiye na doa lolote aliitwa mara chache kuliko mzungu aliyetoka jela.

Wengi wakasema: basi tuondoe swali la kifungo kwenye fomu ya maombi. Hawaii ilikwisha kufanya hivyo mwaka 1998, na majimbo mengi yakafuata. Lakini watafiti Amanda Agan na Sonja Starr walipotuma maombi ya kubuni karibu 15,000 huko New Jersey na jiji la New York, waliona kwamba swali lilipoondolewa, pengo kati ya wazungu na weusi lilipanuka badala ya kupungua. Mwajiri aliyenyimwa habari alianza kukisia, na makisio yake yaliwaangukia watu weusi. Huu ni utafiti ninaourudia kila mwaka darasani. Kuficha habari na kujenga imani ni mambo mawili.

Hapa utaniuliza, na una haki: Milwaukee inatuhusu nini sisi? Kwa sehemu tu. Kwetu watu wengi hawajazi fomu ili wapate kazi. Wanafanya vibarua, wanauza mitumba, wanaendesha bodaboda, wanasaidia fundi kwenye ujenzi, wanakaanga chipsi. Kenya wanaiita jua kali. Ni kweli zipo kazi zinazodai cheti cha tabia njema kutoka polisi, kama ulinzi na ofisi nyingi, na kwa hizo doa liko kwenye karatasi. Ila mwenye pikipiki hatakuomba cheti. Atakuuliza: "Unakaa wapi? Wewe ni wa nani? Nani anakufahamu hapa?" Mwenye gereji atauliza hivyohivyo kabla hajakuachia spana usiku. Doa letu liko midomoni mwa watu, na hakuna sheria ya kulifuta huko.

Ndiyo maana nasisitiza udhamini. Usiuchanganye na dhamana ya mahakamani, ile inayomtoa mtuhumiwa mahabusu akisubiri kesi. Mdhamini ninayemsema ni mtu anayeweka jina lake badala ya jina la mwingine. Anaweza kuwa imamu, mchungaji, dada mkubwa mwenye genge sokoni, mwenyekiti wa kikundi cha vikoba, au fundi aliyemfahamu mtu huyo tangu mdogo. Programu nzuri huanza kumtafuta mtu huyu kifungo kikiwa bado kinaendelea, na hapo utaelewa kwa nini siku za kuwaona wafungwa ni sehemu ya maandalizi ya kazi. Mfungwa asiyetembelewa na mtu kwa miaka mitano hatoki na mdhamini. Ukitaka kujua mapema ni nani atakayepata taabu ya kazi, angalia daftari la wageni kabla ya kuangalia vyeti.

Nisikuache hewani. Kuna misingi ambayo hata mdhamini bora hawezi kuiruka, na wa kwanza ni karatasi. Chukulia Tanzania. Kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na usajili huo unataka namba ya kitambulisho cha taifa, yaani NIDA. Aliyeingia gerezani kabla ya hapo alitoka akakuta laini yake haipo. Asiye na laini hana pa kupigiwa akipatikana kibarua, wala pa kutumiwa ujira. Ili aipate anahitaji NIDA. Asipokuwa nayo, atatakiwa kupita kwa viongozi wa mtaa wake wamtambulishe, nao wanataka kujua anaishi wapi. Naye anaishi kwa rafiki aliyemwambia asikae zaidi ya wiki mbili. Umeona mnyororo huo? Katika mnyororo wote huo ujuzi wa useremala haujaulizwa hata mara moja.

Si mawazo yangu tu. Mwezi Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwatendea wafungwa zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, kwa heshima ya mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 108 inataka anayetoka apewe nyaraka na vitambulisho vinavyofaa, awe na makazi na kazi, awe na mavazi yanayolingana na hali ya hewa, na apate uwezo wa kufika aendako na kujikimu siku za mwanzo. Kanuni ya 103 inataka alipwe ujira wa haki kwa kazi aliyoifanya ndani, na sehemu yake iwekwe akiba akabidhiwe siku ya kutoka. Rudi sasa kwa yule mtu wa langoni, na nguo zake, na swali lake la nauli.

Msingi mwingine ambao vitabu vingi huupita haraka ni tarehe ya kutoka. Kenya, mfungwa wa miaka kadhaa hupunguziwa theluthi kwa mwenendo mwema: aliyehukumiwa miaka tisa hutarajia kutoka baada ya sita. Hapo tarehe inajulikana, na maandalizi yanaweza kupangwa kurudi nyuma kutoka siku hiyo. Tanzania, tangu Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, kuna njia ya parole, yaani kumalizia sehemu ya kifungo nje chini ya uangalizi. Hapo pia kuna muda, na kuna ofisa wa kumfuatilia. Lakini uko pia msamaha wa Rais wa sikukuu za kitaifa. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mara moja. Ni furaha kubwa, wala sitamani ipungue. Ila mtu aliyelala akijua amebakiza miaka miwili, kesho yake yuko stendi. Hakuna aliyezungumza na fundi yeyote kwa niaba yake. Mfumo mzuri humwandaa kila mfungwa kana kwamba anaweza kutoka wiki ijayo.

Na kuna kundi linalosahaulika kabisa: mahabusu. Hawa hawajahukumiwa, kwa hiyo hawalazimiki kufanya kazi, na mara nyingi mafunzo ya ufundi hayawafikii. Mtu anaweza kukaa mahabusu muda mrefu, akaachiwa bila hatia, akatoka amepoteza kibanda na wateja bila hata cheti cha mkono. Ukiandika mpango wowote, tafadhali uwatafutie nafasi.

Sasa, ujuzi wenyewe. Magereza yetu yana kazi nyingi za maana. Samani za Ukonga zinafahamika Dar es Salaam. Karanga, Moshi, kuna kiwanda cha viatu vya ngozi ambacho Jeshi la Magereza lilikijenga kwa ubia na mfuko wa hifadhi ya jamii. Kamiti hutengenezwa namba za magari ya Kenya nzima. Mgeni akiona hayo hufurahi, nami hufurahi pamoja naye, kisha namwomba ajiulize jambo moja: ujuzi huu una wanunuzi wangapi huko nje? Bamba la namba lina mnunuzi mmoja tu, serikali, tena humohumo gerezani. Kiatu na kiti vina mnunuzi kila mtaa. Hata hivyo aliyezoea mashine kubwa ya kiwandani atakuta nje anasubiriwa na randa ya mkono na msumeno butu. Programu inayofikiria mbali humfundisha vifaa atakavyovikuta, na ikiweza humpa sanduku lake la vifaa siku ya kutoka. Cheti nacho kiwe cha chombo cha taifa, kama VETA kwa Tanzania au mtihani wa ufundi wa Kenya unaosimamiwa na NITA. Barua yenye mhuri wa gereza hutangaza doa kabla ya ujuzi.

Hebu tusogee karibu zaidi, tuingie karakana ya seremala huko Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi. Mtu wetu amepata wiki ya majaribio. Anapewa ubao wa mninga apige randa. Anapiga vizuri, uso wa ubao unateleza kama kioo. Amemaliza. Anaweka randa chini, anasimama, mikono nyuma, anasubiri. Fundi yuko upande wa pili anahesabu misumari. Haoni kwa nini amwambie mtu mzima kwamba ubao wa pili uko palepale. Dakika kumi zinapita. Fundi anageuka, anaona amesimama, moyoni anasema: mvivu. Kisha anamwita, na yule bwana anapofika magoti yanaanza kujikunja yenyewe kutaka kuchuchumaa, kama alivyozoea mbele ya afande. Wengine wanacheka.

Huyo si mvivu. Kwa miaka sita kuamka, kula, kutembea na kulala vyote viliamriwa, na aliyeanza jambo bila kuamriwa aliadhibiwa. Donald Clemmer aliyaeleza mazoea haya ya kifungoni katika kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu jamii ya gereza: mtu huzoea maisha ya ndani mpaka ya nje yakawa magumu. Dawa yake ni mazoezi. Miezi ya mwisho ya kifungo, mwachie apange kazi yake mwenyewe, akosee, apange upya. Na mwambie fundi mapema: ukimwona amesimama, usimwite mvivu, mwambie, "Endelea na unaofuata, huna haja ya kuniuliza." Sentensi hiyo moja nimeona ikiokoa ajira.

Jambo linalowatisha wengi kuliko yote ni swali, "Miaka yote hii ulikuwa wapi?" Wapo watakaosema uongo, na mtaa utawaumbua. Wapo watakaosimulia kesi nzima, na jaji, na shahidi aliyedanganya, mpaka mwajiri achoke. Shadd Maruna, aliyewahoji wakosaji wa zamani Liverpool na kuchapisha kitabu mwaka 2001, aliona kwamba walioacha uhalifu walijisimulia kwa namna ya pekee: hawakukana walichofanya, ila waliamini kwamba ndani yao alikuwapo mtu mwema tangu mwanzo, na sasa anatoka kufanya kazi. Kwa hiyo tunapofanya mazoezi ya kujieleza hatumfundishi mtu maneno matamu. Tunamsaidia kuipata simulizi anayoiamini. Ikikomaa huwa fupi: "Shikamoo, mzee. Nilifungwa miaka sita kwa wizi. Kosa lilikuwa langu, nimelitumikia. Huko nimejifunza useremala, cheti hiki hapa. Mchungaji wa hapa jirani ananifahamu, unaweza kumuuliza. Naomba wiki moja unione." Angalia jinsi jina la mdhamini lilivyokaa kabla ya ombi.

Mwanamke anayetoka gereza la Lang'ata au Segerea mara nyingi ana swali jingine kabla ya hilo la mwajiri, nalo ni watoto: wako kwa nani, watamkubali, na atafanya kazi wakiwa na nani. Mafunzo yasiyouliza hilo humwandaa mtu ambaye hayupo.

Na walimu bora wa haya yote ni waliokwisha kuipita njia hii. Peter Ouko alikaa Kamiti miaka mingi, akasoma sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa humohumo, akasamehewa na Rais mwaka 2016, na anaendelea na harakati za Crime Si Poa za kuwaepusha vijana na uhalifu. Mtu kama huyo akisema, "Siku ya tatu ndiyo ngumu," mfungwa humsikiliza kuliko mimi na shahada zangu, na anafanya sawa.

Ukisonga mbele utakutana na maswali magumu zaidi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 inaruhusu hukumu nyingi zihesabiwe zimekwisha baada ya miaka fulani, mtu asilazimike kuzitaja. Je, sisi tunahitaji ya namna hiyo wakati doa letu liko midomoni? Nani amlipe fidia fundi kifaa kikipotea, ili mdhamini asibebe mzigo peke yake? Haya tutayafikia.

Kwa wiki ya kwanza nakupa kazi moja tu. Nenda kwa fundi yeyote wa mtaa wako mwenye vijana wawili watatu chini yake. Msalimie, kaa kwenye benchi, mwache amalize aliyoshika. Kisha muulize kama angempokea mtu aliyetoka gerezani mwezi uliopita. Usibishane naye, usimhubirie. Kabla ya kukujibu ndiyo au hapana, naye atakuuliza swali. Liandike kwa maneno yake mwenyewe, usilisahihishe, uje nalo darasani.